Mikono ya Geum-i

Mkono wa chuma ulimaliza kumpaka chumvi samaki aina ya kibua, ukamlaza kwenye mkanda, halafu badala ya kumfuata kibua mwingine ukapanda taratibu mpaka usawa wa uso wa mtu, ukageuza kifundo, ukapangusa hewa.

Tak Mal-sun alikuwa nyuma yake na mpira wa maji. Aliona vizuri, kwa sababu taa aliyoifunga kwenye paji la uso ilikuwa inaumulika ule mkono. Maji yaliendelea kumwagika na kumwingia viatuni, naye hakukumbuka kuyafunga. Mkono ulishuka nusu, ukakung'uta vidole vyake vya mpira kama mtu anayefukuza kuku mlangoni, kisha ukaendelea na kazi.

Chuma hakitoki jasho. Na wanawake wote waliowahi kusimama kwenye mstari ule wa kutia chumvi, pale bandarini Gampo, walifuta jasho kwa bega, maana chumvi ikiingia machoni ni balaa. Ni mmoja tu aliyejipangusa kwa upande wa ndani wa kifundo na kukung'uta vidole. Huyo alikuwa Geum-i, mdogo wake Mal-sun. Na Geum-i alikuwa amekufa tangu wakati maua ya micheri yalipokuwa yakidondoka.

Mal-sun alitafuta tasbihi yake mfukoni, akavuta punje chache akimtaja Buddha, akajiambia kwamba aliyefiwa huona mengi. Ni kweli. Aliyefiwa huuona mgongo wa marehemu sokoni, husikia kikohozi chake jikoni. Akafunga maji, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Kazini hakukuwa na mtu wa kuambiwa. Zamani kiwanda kile cha Maeng kilijaa wanawake waliotaniana na kuwasengenya wakwe zao mpaka mapipa yakalia kwa kicheko. Sasa ilibaki mikono ya roboti iliyopangwa kando ya mkanda, na Mal-sun wa kuiosha. Taa zilikuwa zimeng'olewa, kwa kuwa mashine hazihitaji kuona. Basi hata jua likiwa la utosini, ndani mlikuwa giza totoro, na katika giza hilo mikono ilisikika tu ikichota na kurusha: kwaruu, pap, kwaruu, pap.

Geum-i ndiye aliyekuwa mkono wa chumvi wa kiwanda. Kibua akizidishiwa chumvi anakuwa ubao, akipunguziwa anaoza. Geum-i alikuwa anachota, anarusha tumboni, anamchukua kibua mdogo na kumlaza ndani ya tumbo la mkubwa, kama mtoto aliyerudishwa alikotoka, na jozi hiyo ndiyo inayokwenda sokoni. Maeng alipoamua kuleta mashine, alimwomba avae glavu zenye nyaya ili kila anachofanya kiingie kwenye kompyuta. Geum-i alizivaa majira yote ya baridi. Aliambiwa atakuwa mwalimu wao. Siku kompyuta ilipojua kazi, mwalimu aliachishwa pamoja na wenzake, kiwanda kikafungwa kusubiri mashine zifike, na akabakizwa Mal-sun, kwa sababu kuosha matope ya matumbo hakuna mashine iliyokuwa imefundishwa.

Lakini mikono ya Geum-i haikuelewa kwamba imeachishwa. Mezani, mbele ya bakuli la wali, ilikuwa inachota na kurusha. Usingizini ilichota na kurusha. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Hospitalini walitaja ugonjwa wa ini, na Mal-sun hakubishana na madaktari. Ila yeye alikuwapo mdogo wake alipokata roho, na aliona kwamba pumzi ilitoka kwanza, mikono ikatulia baadaye.

Alifanya yote yanayotakiwa. Alichoma nguo za marehemu, aproni, viatu vya mpira, hata mto, ili asiwe na cha kurudia. Kila siku ya saba alikwenda hekaluni kumwombea, mpaka siku ya arobaini na tisa, ambayo roho hufunguliwa njia yake. Aliporudi siku hiyo alilala usingizi mzito. Alidhani amemsindikiza mdogo wake salama.

Baada ya ule mkono kupangusa hewa, ikaja harufu.

Kiwanda cha samaki kina harufu zake na Mal-sun alizijua zote: damu mbichi, magamba, maji ya chumvi yaliyolala. Hii haikuwa miongoni mwao. Ilikuwa tamu. Ilimkumbusha kinywa cha mgonjwa asiyeweza tena kusukutua. Ilimshika nyuma ya ulimi, na akitema mate, mate yalikuwa mazito na ladha ile ikabaki. Alipekua chini ya mkanda na nyuma ya mapipa. Ilikuwa inatoka kwenye vibua wenyewe, wale waliotiwa chumvi na mkono ule ule, wa kwanza kutoka mlangoni. Kwa nje waling'aa, macho maangavu, ngozi imekaza. Ukiwapasua, ndani walikuwa uji wa kijivu unaovutika kama kamasi. Walikuwa wameoza ndani ya chumvi. Mal-sun alilamba kidole kujaribu kama chumvi imepungua, na akajuta, kwani chumvi ilikuwapo, kali, sawasawa. Ila ilikuwa imekataa kufanya kazi yake.

Masoko yakaanza kurudisha mzigo. Mwanamke mmoja wa Ulsan alirudisha jozi ambayo kati ya kibua mkubwa na mdogo lilikutwa bonge la nywele nyeupe zilizolowa mafuta, limesokotwa vizuri kama kitanzi. Maeng alimwita Mal-sun na kumwuliza kwa upole kama huwa anavaa kofia. Mal-sun alivua kofia yake. Nywele zake alizipaka rangi nyeusi, kama wanawake wote wa rika lake. Geum-i peke yake ndiye aliyekataa rangi.

Kisha yakaja matonge. Kila asubuhi, chini ya mkono wa kwanza, palikuwa na rundo la matumbo ya samaki yaliyofinyangwa kuwa matonge, laini, ya ukubwa wa kujaza kinywa. Mal-sun aliyasukuma kwa maji mpaka kwenye mtaro huku akibana pua. Siku moja aliamua kuwahi, azime taa yake na kusimama kimya karibu na mlango wa chumba cha baridi, asikilize. Akasikia mikono mingine ikienda mwendo wake, kwaruu, pap, kwaruu, pap, na katikati ya sauti hizo akasikia ule wa kwanza ukisita, ukiingia mahali palipolowa na kukoroga, ukikoroga polepole kama mama anayemfinyangia mtoto wake wali kwenye supu, halafu kimya kidogo, halafu pap nzito juu ya sakafu, kisha tena kukoroga, na tena kimya, na tena pap, mpaka akashindwa kuvumilia akawasha taa, na mwanga wake ukaangukia mkono ule ukiwa juu, usawa wa mdomo wa mtu wa kimo cha Geum-i, umeshika tonge la matumbo yanayochuruzika, unalisogeza mbele kwa heshima, unalisukuma mahali ambapo pangekuwa na midomo, na tonge kwa kukosa kinywa cha kulipokea likiteleza na kuanguka, na vidole vikibaki hewani vikipapasa, vikitafuta mdomo, vikipapasa.

Mal-sun alitapika ndani ya kofia yake.

Jioni alikwenda kwa Mama Dong-ho, aliyekuwa akisimama upande wake wa kushoto kwenye mstari miaka yote. Mama Dong-ho siku hizi alikuwa anamenya vitunguu saumu nyumbani kwa watu. Alisikiliza akiwa na kisu mkononi, na Mal-sun alipofika kwenye matonge, kisu kikawekwa chini.

"Mal-sun," alisema kwa sauti ya chini, "wewe siku ya kufungua mashine hukuwapo."

Hakuwapo. Ilikuwa moja ya zile siku za saba. Alikuwa hekaluni akimwombea mdogo wake.

"Niliitwa nichemshe kichwa cha nguruwe. Si unajua, mtambo mpya hauwashwi bila karamu. Waliweka kichwa mbele ya ule mkono wa kwanza, na keki za mchele, na pombe. Maeng alikuwa amelia sana msibani, alisema anataka kumpa heshima Geum-i. Akaandika jina lake kwenye ule mkono. Halafu akamwaga pombe, akapiga magoti, akaliita jina mara tatu, aje afanye kazi bila ajali."

"Akamwita nani?"

"Akamwita Geum-i, dada. Tukapiga makofi."

Kila mtu pale anajua kwamba jina la marehemu huitwa mara tatu siku anayokufa, juu ya nguo yake, kuijaribu roho kama itarudi. Isiporudi, haliitwi hivyo tena. Asubuhi ile ile aliyokuwa amepiga magoti hekaluni kumwambia mdogo wake nenda, kiwandani walikuwa wamemwandalia meza na kumwita njoo.

Maeng hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa mtoto mchanga, Geum-i alimbeba mgongoni katikati ya mapipa, mama yake akiwa kazini. Mal-sun alipomweleza, rangi ilimtoka, lakini alijitetea. Alisema fundi anaweza kufuta kumbukumbu ya mkono ule, ndiyo, ila siyo sasa, kwa sababu wanunuzi walitaka chumvi ya Geum-i na siyo ya mwingine, na walioijua wengine walikuwa wamezeeka au wametawanyika. Alisema pengine ni waya.

"Mwanangu," Mal-sun alimwambia, "waya hauoti mvi."

Mzigo mwingine uliporudi, Maeng mwenyewe alimpasua kibua mmoja, akatoka nje akishikilia ukuta. Siku hiyo alikubali mganga aje.

Mganga aliitwa Bibi Cheon. Alikuwa na duka la kuku wa kukaanga nyuma ya kituo cha basi, na nywele alizozipaka rangi ya machungwa. Alikuja mchana na gari lake dogo la kupelekea kuku, akashusha kengele, shuka jeupe, maharage mekundu na kisu. Alipofika mlangoni akasimama.

"Mmemlisha nini humu?"

"Nguruwe na pombe," Maeng alisema.

"Siku ngapi baada ya kufa?"

Akaambiwa. Bibi Cheon alimtazama kama mtu anayetazama kinyesi kwenye kiatu chake. "Shuleni ulisoma mpaka wapi wewe?"

Maeng akataja chuo kikuu chake.

"Bora wangemsomesha mbuzi." Akageuka kwa Mal-sun, na sauti ikashuka. "Dada, sikiliza. Mdogo wako aliitwa akaja. Mtu mwema akiitwa kazini huja. Lakini nyumba waliyompa haina mdomo. Ana njaa. Na roho yenye njaa harufu yake huenda mbali. Humo ndani hayuko peke yake. Wameingia wengine, wale wazururaji wasio na wa kuwatambikia, na wanakula kupitia mikono yake. Kinachokuchefua siyo yeye tu. Ila naye yumo."

Maeng akamwita fundi wa mashine.

Mashine zote zilizimwa, na fundi akachomoa nyaya za umeme ukutani. Palikuwa na kimya ambacho Mal-sun hakuwahi kukisikia pale. Bibi Cheon alitandika shuka chini ya mkono wa kwanza, akaanza kutikisa kengele na kuita, mwanzoni kama mtu anayeimba akiosha vyombo, kisha kwa ukali. Mkono ukaanza kutetemeka. Haukuwa na umeme, Maeng aliuona waya ulivyolala sakafuni, lakini ulitetemeka mpaka mafuta yakachuruzika kwenye maungio yake, na mafuta hayo yalikuwa na ile harufu tamu, na ndani ya mabomba yake ikasikika sauti ya kumeza, gulu, gulu, koo nyingi zikimeza kwa pupa huku zikigombania, na mtaro ukatapika ulichomezeshwa wiki zote zile, matonge yaliyovimba na kuota manyoya ya ukungu yakarudi juu moja moja na kuzagaa sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu vya Mal-sun, naye akabaki amesimama, tasbihi mkononi, akitamka jina la Buddha kwa meno yaliyofungwa kwa sababu alijua akifungua kinywa atatapika, na Bibi Cheon akawatupia wale wazururaji maharage, akawatukana mama zao na wasio na mama, akawatajia bahari na njia panda na majaa yote ya Gampo kuwa ndiko kwao, kisha akarusha kisu kuelekea mlangoni.

Kisu kilianguka ncha ikitazama nje. Ndiyo dalili kwamba wazururaji walikuwa wametoka.

Kumeza kukakoma. Harufu ikapungua nusu. Lakini mkono ulikuwa bado unakwenda. Bila umeme, bila samaki, ulichota chumvi na kurusha, ukachota na kurusha.

Bibi Cheon alijifuta uso kwa shuka. Alikuwa anahema. "Huyu simfukuzi," alisema. "Hajaja kudhuru. Anafanya kazi. Hapa kwenu mtu anaachaje kazi?"

Maeng alianza kusema habari za barua ya kuachishwa. Mganga akamnyamazisha kwa kiganja.

Mal-sun ndiye aliyejibu. Kwenye mstari wa chumvi samaki hawasubiri, alisema. Mtu haondoki kwa kuwa amechoka au kengele imelia. Anaondoka mwenzake akija nyuma yake, akamshika kiwiko, akamwambia amepokea. Hapo ndipo mikono husimama. Walifanya hivyo kwa zamu zote, maisha yao yote.

"Na siku ya mwisho?" mganga aliuliza. "Nani alimpokea?"

Hakuna aliyempokea. Siku ile mstari mzima uliambiwa utoke kwa pamoja, na nyuma yao hakuja mtu.

Mal-sun alivua glavu. Kiwiko cha ule mkono kilikuwa kimefunikwa na utando wa kijivu, wenye magamba na nywele. Kwa kila hatua mwili wake ulimwambia rudi. Alifikiri juu ya mdogo wake, na kilichomjia hakikuwa uso wake bali lile tonge linalochuruzika, na akaona aibu kwamba anamwonea kinyaa mtoto aliyemwogesha kwa mikono hii. Akakishika.

Kilikuwa cha moto. Chini ya ute ule kilikuwa laini, na kitu kilipiga ndani yake kama mshipa wa mtu mwenye homa. Mal-sun alikaza vidole.

"Geum-i," alisema taratibu. "Ni mimi, dada yako. Pumzika. Nimepokea."

Mkono ulisita juu ya beseni la chumvi. Kwa muda Mal-sun alidhani haukusikia. Kisha uzito wote ukamjia mkononi, kama mtoto anapopitiwa na usingizi mgongoni, na chuma kikawa baridi, chuma tu, kikaning'inia. Ile harufu ikakatika. Mlango uliokuwa wazi ukaleta harufu ya bahari, na Mama Dong-ho, aliyekuja kusubiri nje, akaanza kulia.

Mal-sun hakuondoka pale. Aliyepokea hushika kazi. Alimchukua kibua mmoja aliyebaki mkandani, akamtia chumvi, akamwekea kibua mdogo tumboni, akawalaza. Ndipo akanawa.

Fundi alifuta kumbukumbu ya mkono ule siku ile ile, na jina likakwanguliwa. Maeng alijiinamia mbele ya Mal-sun mpaka kichwa kikafika magotini, akalia kama alivyolia msibani. Alitaka kumfariji. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shangazi, usihuzunike," alisema. "Kazi yake haijapotea. Ile kumbukumbu tulishaiuza. Iko Yeosu, iko Mokpo, iko Sokcho, na viwanda vingine ng'ambo, Japani. Nimewaomba wote waliache jina lake, na wameliacha."

Bibi Cheon, aliyekuwa anafunga kengele zake kwenye kitambaa, akasimama.

"Karamu ya kufungua," Mal-sun aliuliza, "walifanya?"

"Wa hapa nchini wote. Niliwaambia wafuate desturi vizuri."

"Wakaliita jina?"

Maeng aliangalia mdomo wa Mal-sun, kisha wa mganga. Alianza kuelewa, na mikono yake ikaachia ule wa Mal-sun. Alitikisa kichwa kukubali.

Mal-sun hakumgombeza. Alifunga kitambaa kichwani, akamwuliza Bibi Cheon kama gari lake linaweza kufika Yeosu kabla ya kesho, na Bibi Cheon akasema litafika. Akamgeukia Maeng, akamwomba apige simu huko sasa hivi, aongee na mtu yeyote, mlinzi, mfagiaji, yeyote aliyeko zamu, amwambie kuna mama anakuja na amfungulie mlango.

Maeng alishika simu lakini hakupiga.

"Kule siku hizi hakuna mtu, shangazi," alisema. "Hata wa kuosha hayupo. Ndiyo maana walinunua."